Gradu nyumbani bila mama kushinda jikoni (somo)

Wapendwa, msimu wa gradu, sherehe ya kuhitimu chuo, ndio huu na naona wengi mnauliza venye mtu anaweza kufanya sherehe kwa nyumba badala ya kulipa hoteli. Nimefanya tatu sasa, ya dada yangu, ya binamu na juzi ya kijana wetu, zote hapa Donholm, Nairobi, kwa ploti ya gorofa. Kitu kimoja kinaniuma mpaka leo. Ile ya dada yangu, mama alisukuma chapati tangu saa kumi na moja asubuhi, tukakata keki, tukapiga picha, na kwa zile picha hayumo hata moja, mikono ilikuwa na unga akasema endeleeni nakuja. Yeye ndiye alilipa karo. So hapa chini kila kitu nimepanga ndio mzazi akae na mtoto wake.

Hatua ya 1: Watu. Hesabu watu kabla ya pesa. Ukialika 50 pikia 65 kwa sababu watu wa ushago hawaji mmoja, wanajaza matatu.

Hatua ya 2: Ploti. Ongea na keateka, yule msimamizi wa ploti, na majirani wiki mbili mapema, uombe paking ama ruftopu, ile paa ya juu, na uwaalike hao majirani pia. Maji usiyaamini, jaza mitungi kumi ya lita 20 siku mbili kabla. Muziki upunguzwe saa mbili usiku, kwa kanuni za kelele za 2009 usiku unaanza hapo, na kuna watoto wanalala.

Hatua ya 3: Soko na pilau. Tuseme gradu ni Ijumaa. Jumatano enda Nyamakima uchukue mchele na viungo, Alhamisi alfajiri mbuzi Kiamaiko, vitunguu na nyanya Marikiti. Kilo moja ya mchele inatosha watu kama saba kukiwa na chakula kingine, kwa hivyo 65 chukua kilo 10 na nyama kilo 7 hivi. Chapati usipike! Pakiti ya unga ya kilo mbili inatoa kama ishirini, sasa piga hesabu ya chapati 130 uone venye mtu anapoteza siku. Peana oda kwa mama anayepika chapati hapo mtaani, mlipe nusu mapema, alete kwa hotpoti.

Alhamisi jioni chemsha nyama na ukaange vitunguu mpaka vikolee kahawia, hapo ndio rangi ya pilau inatoka, si kwa royco. Nyama na supu gawanya kwa sufuria ndogo ndogo zipoe haraka ziingie friji, usiache nje usiku kucha, na asubuhi zichemke vizuri tena. Ijumaa kinabaki mchele tu. Na tafadhali sufuria kubwa isikae kwa meko ya gesi, moto unagusa katikati pekee, katikati kunaungua na kando mchele unabaki na kiini. Tumia makaa, maji yakikauka punguza ya chini uweke mengine juu ya kifuniko.

Hatua ya 4: Siku yenyewe. Kama ni chuo cha KU (Kenyatta) ama JKUAT (Jomo Kenyatta, Juja) jua Thika Road itajaa, msitarajie kufika nyumbani kabla ya saa tisa. Wale hawakupata kadi ya kuingia watakuwa washafika kwako, wawekee chai na mandazi. Mhitimu akiingia piga picha KWANZA, halafu avue joho litundikwe chumbani, litarudishwa chuo na mafuta ya pilau hayatoki haraka. Maombi, chakula, keki, ndio hotuba zifuate. Watu wenye njaa hawasikii mawaidha.

MASWALI

Mama wa Kayole: Mimi nakaa bedsita, chumba kimoja tu, nitafanyaje?
Jibu: Dada, omba uwanja wa ploti ukodi tenti moja na viti. Ikikataa, omba ukumbi wa kanisa lenu. Usiache kusherehekea mtoto kwa sababu ya nyumba.

Kijana wa Githurai: Ni sawa kufungua grupu ya mchango?
Jibu: Sawa kabisa, lakini mweka hazina awe mmoja na kila jioni aweke orodha ya waliotuma kwa M-Pesa. Panga na pesa iliyofika kufikia Jumatano. Ahadi haiendi sokoni.

Dada wa Eastleigh: Wageni wangu nusu ni Waislamu, nipike sufuria mbili?
Jibu: Hapana, moja inatosha, nunua nyama ya halali na wote wale pamoja. Uliza muuzaji kabla ya kulipa, usibahatishe.

Mwanachama mpya: Na kama mama mwenyewe anakataa kukaa? Wangu anasema hakuna mtu anajua kupika.
Jibu: Wangu pia alisema hivyo. Kwa gradu ya kijana wetu nilimpa kazi Alhamisi usiku, aonje supu aseme chumvi imefika ama bado. Ijumaa asubuhi nikaficha leso ya jikoni, nikampigia pasi ile gauni ya samawati, na shangazi mmoja akakaa mlangoni mwa jikoni kumzuia. Kwa picha ya keki ameshika kisu na kijana, mikono misafi.