Kuzunguka Bunyonyi kwa kafi

Ukishuka basi Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, chukua bodaboda hadi Rutinda, kwenye gati la Ziwa Bunyonyi. Ni kama kilomita 8, ila patana bei kabla hujapanda. Vaa sweta: ziwa liko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wa asubuhi humeza visiwa.

Boti za injini ni za wenye haraka. Mimi hukodi mtumbwi wa gogo moja, na jaketi la kuokolea silisahau. Siku ya kwanza nilizunguka palepale kama pia, watoto gatini hoi kwa kicheko. Siri ni hii: kaa tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, piga kafi upande mmoja, na kila pigo likiisha geuza bapa, usukume maji nje kidogo. Omo, yaani ncha ya mbele, itanyooka yenyewe.

Anza na Akampene, kisiwa kidogo mno. Zamani Wakiga waliwatupa hapo wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa. Mimi hupita kimya, sishuki. Kisha Bwama, palipokuwa na hospitali ya wagonjwa wa ukoma.

Kamba wa ziwani waagize kabla ya kuondoka gatini, la sivyo utarudi na njaa uwasubiri jikoni.