Kusafisha Lenzi ya Kamera Bila Kuikwaruza

Lenzi yangu ya milimita 50 ina mikwaruzo minne myembamba karibu na ukingo wa kioo cha mbele, na aliyeitia ni mimi mwenyewe. Nilikuwa Paje, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, majira ya kusi, wakati upepo wa baharini unapobeba chumvi na mchanga laini kwa pamoja. Nilipoona kioo kimefifia nikakamata pindo la fulana na kukisugua kama mtu anavyosugua glasi ya chai. Chumvi ilitoka, mikwaruzo ikabaki. Tangu siku hiyo kila ninapoishika lenzi chafu hujiuliza kwanza iwapo kweli inahitaji kuguswa, na mara nyingi jibu huwa ni hapana.

Sababu iko juu ya kioo chenyewe. Kioo cha lenzi hufunikwa kwa tabaka, au matabaka kadhaa, ya kuzuia mwanga usiakisiwe ovyo. Ufundi huo ulipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1935 kwa kazi ya Alexander Smakula wa kampuni ya Carl Zeiss, na mojawapo ya vitu vinavyotumika tangu zamani ni magnesiamu floraidi. Tabaka moja la aina hiyo lina unene wa takriban nanomita 100, kiasi kwamba unywele mmoja wa binadamu unalizidi kwa mamia ya mara. Mchanga nao kwa sehemu kubwa ni kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, ilhali kioo cha kawaida kiko karibu na 5.5. Kwa hiyo ukikisugua kioo chenye chembe za mchanga, kitambaa ulichokishika, hata kiwe laini namna gani, kimeshageuka kuwa msasa.

Vumbi kidogo kwenye kioo cha mbele halionekani katika picha, kwa kuwa liko karibu mno na lenzi kiasi kwamba haliwezi kuingia katika fokasi. Linaloharibu picha ni mafuta. Alama ya kidole husambaza mwanga, na ukipiga picha kuelekea jua au taa za barabarani usiku utaona weusi umepauka na kila taa imeota mikia. Kioo cha nyuma, kile kinachoingia ndani ya kamera, kinastahili uangalifu zaidi, maana uchafu wake uko karibu na kihisi kinachopokea picha. Na kama unaona madoa meusi ya mviringo angani kila unapopiga kwa f/16 au f/22, yaani tundu la lenzi likiwa dogo sana, usiilaumu lenzi bado: badilisha lenzi, piga tena anga lilelile, na doa likibaki palepale ujue liko kwenye kihisi. Vifaa vinavyoelezwa hapa havikihusu kihisi hata kidogo. Hiyo ni kazi nyingine.

Unahitaji vitu vinne tu: kipulizio cha mpira kinachobonyezwa kwa mkono, brashi ya manyoya laini ambayo haijawahi kuguswa na vidole wala poda ya uso, kitambaa safi cha maikrofaiba au karatasi maalumu za lenzi, na kimiminika cha kusafishia. Kwenye kimiminika ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa kuwa dukani kuna chupa nyingi zenye jina la spiriti na si zote zinazofaa. Spiriti ya kusafishia vidonda, ile inayofuata fomula ya Uingereza, ina mafuta ya nyonyo ndani yake, na mafuta hayo hubaki kwenye kioo kama utando baada ya alkoholi kukauka. Kitakasa mikono kina gliserini, nayo hufanya vilevile. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha huyeyusha plastiki za fremu ya lenzi. Dawa ya kusafishia madirisha mara nyingi ina amonia, na sioni sababu ya kuijaribu kwenye kifaa cha bei. Nunua kimiminika kilichotengenezwa kwa ajili ya lenzi, au alkoholi safi ya isopropili isiyo na rangi wala manukato. Kwa maji, tumia yaliyokenekwa, kama yale ya kuongezea kwenye betri za gari, lakini jihadhari unapoagiza kwenye kituo cha mafuta: ukisema tu "maji ya betri" unaweza kupewa asidi, kwa hiyo soma kibandiko kabla hujafungua kifuniko.

Ukiwa tayari, zima kamera, zima feni, funga dirisha linaloleta vumbi, na ukae mezani badala ya kusimama, kwa kuwa lenzi inayoponyoka mkononi itapata hasara kubwa kuliko alama yoyote ya kidole. Shika lenzi kioo kikiwa kimeelekea chini, ili vumbi linalong'oka lianguke sakafuni lisirudi mahali pake, kisha bonyeza kipulizio mara tano au sita kwa nguvu huku ncha yake ikikaa mbali kidogo na kioo. Usipulize kwa mdomo. Hata mtu mwenye pumzi kavu kiasi gani hurusha chembe za mate, na doa la mate lina kazi ya ziada kuliko vumbi ulilokusudia kuliondoa. Makopo ya hewa iliyoshindiliwa nayo yana tatizo lake: yakiinamishwa au kutikiswa hutoa gesi ikiwa bado kimiminika chenye baridi kali, nacho huacha doa. Mpira wa mkono hauna gesi na haumalizi hewa.

Baada ya hapo, zima taa ya chumba na uwashe tochi ya simu, uimulike kwa ubavu kupita juu ya kioo. Chembe zilizobaki zitang'aa moja moja, na mafuta yataonekana kama utando wa kijivu wenye michirizi. Kama zimebaki chembe kavu peke yake, zipanguse kwa brashi, ukigusa kwa ncha za manyoya tu na kuelekeza nje ya ukingo, kisha pulizia tena. Kama hakuna mafuta, kazi imekwisha hapo, weka kifuniko.

Mafuta yakiwapo, sasa ndipo kioo kinapoguswa. Dondoshea tone moja au mawili ya kimiminika kwenye karatasi au kitambaa, na kamwe usidondoshee kwenye kioo, kwa sababu tone likiteremka hadi kwenye ukingo huvutwa ndani ya fremu, na likishaingia kati ya vioo hutaweza kulifikia bila kufungua lenzi. Anza katikati na uzunguke polepole kuelekea nje kama mtu anayechora konokono, bila kukandamiza, uzito wa kidole ukitosha. Ukiangalia nyuma ya kidole utaona unyevu ukikauka, ukitoa kwa sekunde moja rangi kama za mafuta ya gari juu ya dimbwi la maji, kisha ukitoweka. Rangi hizo zikitoweka zote, umemaliza. Zikiacha michirizi, mafuta yamehamishwa tu hayajatolewa, basi kunja kitambaa upate sehemu ambayo haijagusa kioo na urudie. Sehemu iliyokwisha kutumika usiirudishe kwenye kioo. Wengine huihemea lenzi ili ipate ukungu kabla ya kuifuta. Mimi hufanya hivyo kwa chujio tu, kile kioo cha ziada kinachofungwa mbele ya lenzi, si kwa lenzi yenyewe.

Pwani ina utaratibu wake. Chumvi huyeyuka kwenye maji, lakini kwenye alkoholi karibu haiyeyuki kabisa, kwa hiyo anayefuta rashasha za bahari kwa kimiminika cha alkoholi anasukuma fuwele za chumvi huku na huku juu ya tabaka. Kwanza pulizia, kisha tumia kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yaliyokenekwa na kukamuliwa, ukikiweka juu ya kioo kwa sekunde chache ili chumvi iyeyuke kabla ya kukizungusha, na mwisho ndipo alkoholi iondoe mafuta. Hilo ndilo nililopaswa kufanya Paje. Mbugani ni kinyume chake: huko Amboseli, msimu wa kiangazi, vumbi jepesi la ziwa lililokauka hurudi kwenye kioo dakika chache baada ya kuliondoa, na kila kufuta ni hatari mpya. Ndani ya gari tumia kipulizio peke yake, usibadilishe lenzi madirisha yakiwa wazi, na uache kitambaa kwenye mkoba hadi jioni utakaporudi kambini.

Ukungu unaotokea unapotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuingia kwenye joto la nje si uchafu, na hauhitaji kufutwa. Ni mvuke wa maji wa hewani unaogeuka kuwa matone kwenye kioo baridi. Ufute, utarudi. Acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa muda wa nusu saa hivi, ipate joto polepole, nao hautatokea kabisa.

Tofautisha ukungu huo na kuvu. Tochi ikionyesha nyuzi kama za buibui ndani ya lenzi, zisizobadilika hata ukifuta nje mara ngapi, hiyo ni kuvu inayoota kwenye unyevu, na asidi zake zinaweza kula tabaka na hata kioo. Itenge na lenzi nyingine na uipeleke kwa fundi mapema. Kuifungua mwenyewe kwa bisibisi ya saa huishia kwenye vioo visivyokaa sawa. Lenzi nzima zihifadhi kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika jeli, unyevu ukiwa chini ya asilimia 60, na uvikaushe vifuko hivyo mara kwa mara, kwani vikishajaa maji havina kazi.

Kitambaa cha maikrofaiba kioshe peke yake kwa sabuni kidogo ya maji, bila dawa ya kulainisha nguo kwa sababu nayo huacha mafuta, kisuuze mpaka povu liishe, na ukianike ndani ya nyumba pasipopita vumbi. Kikikauka kiweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungika. Kile kilichokaa mfukoni pamoja na sarafu na funguo kipelekee kazi ya kufutia skrini ya kompyuta.