Shahidi aliyemwona mteja wako usiku: mhoji hivi

Miaka tisa nilikuwa wakili wa serikali hapa Tanzania, nikiwaongoza mashahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka. Huu ni mwaka wa saba ninawahoji nikiwa wakili wa kujitegemea. Kesi ninazozipata sana ni za unyang'anyi wa kutumia silaha, ambazo adhabu yake haishuki chini ya miaka 30, na mara nyingi kinachombana mteja wangu ni shahidi mmoja tu anayesema alimwona usiku.

Kabla ya siku yenyewe, tafuta maelezo ambayo shahidi huyo aliandikisha polisi. Chukua karatasi, piga mistari mitano: mwanga, umbali, muda aliomtazama, kama alimfahamu kabla, na alimtaja lini kwa mara ya kwanza. Minne ya mwanzo inatoka katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980. Wa tano unaupata katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita. Kushoto jaza alichosema polisi. Kulia acha wazi, utajaza akiwa kizimbani anaongozwa na mwendesha mashtaka. Panapobaki tupu, zungushia duara.

Hayo maduara ndiyo mali yako. Usiyaguse: usiulize swali litakaloyajaza.

Niliona hili nikiwa upande wa pili. Shahidi wangu, mama mwenye duka, alisema alimtambua mshtakiwa "kwa mwanga wa taa". Nikaridhika, nikakaa. Sikuuliza taa gani, ilikuwa wapi, inaangaza kiasi gani, na kosa hilo peke yake huwa linaangusha kesi kwenye rufaa. Mwenzangu wa utetezi akainuka, akaweka koti sawa: "Mama, hiyo taa ilikuwa ya aina gani?" Mama akamgeukia kwa upole kabisa. "Ya sola, baba. Balbu tatu. Moja iko juu ya kaunta, na yeye alisimama chini yake anahesabu hela zangu." Hakimu akaandika yote. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye jalada ili uso wangu usionekane.

Lakini usidhani dawa ni kunyamaza. Mahakama ya Rufani imeshasema, katika kesi ya Nyerere Nyague na nyingine nyingi, kwamba jambo zito ambalo hukumhoji shahidi linahesabiwa umelikubali. Kwa hiyo pinga bila kuchimba: "Shahidi, nakwambia mshtakiwa hukumwona usiku ule." Atajibu alimwona. Sawa. Umeshapinga, imeandikwa, na taa bado haina ukubwa wala mahali ilipokaa. Ukimaliza hapo ndugu wa mteja waliokaa nyuma watakutazama kama mtu aliyekula ada yao bure. Vumilia. Mimi huwaeleza mapema asubuhi, nje, kabla hatujaitwa.

Mahali ambapo karatasi imejaa pande zote na hazilingani, hapo ndipo pa kufanyia kazi. Tuseme polisi aliandikisha hatua ishirini, leo anasema tano. Usikimbilie kumwita mwongo. Muulize kama aliandika maelezo, kama alisomewa, kama sahihi ni yake. Mpe ayaone. Msomee sentensi yenyewe, polepole, aeleze tofauti imetoka wapi. Kisha omba maelezo hayo yapokelewe kama kielelezo. Ukiruka hatua hii ya mwisho, unabaki na karatasi ya mezani kwako, na majaji wa rufaa hawatakuwa na la kusoma.

Kitu kimoja cha kwetu hapa: hakimu kwa kawaida haandiki swali na jibu, anaandika masimulizi. Swali lako zuri la dakika mbili likijibiwa "ndiyo", laweza kuingia kwenye kumbukumbu likiwa kipande kisichoeleweka. Uliza maswali mafupi, jambo moja kila swali, na uangalie kalamu yake. Ikisimama, endelea.

Kuhusu kumtaja mshukiwa mapema, uliza pale tu jibu unalo mkononi. Kama mwenyekiti wa kitongoji aliandikisha kwamba alipofika hakutajiwa jina la mtu, muulize shahidi nani alifika kwanza. Kama hujui mwenyekiti aliambiwa nini, pita.

Ukikaa, mwendesha mashtaka anaruhusiwa kumwuliza tena shahidi wake, lakini ni kufafanua tu yaliyotokana na maswali yako. Jambo jipya linahitaji ruhusa ya mahakama, na wewe unapata nafasi ya kulihoji. Kwa hiyo usichukue vitu vyako bado. Ataangalia daftari lake, ataona alichosahau, ataanza: "Shahidi, ile taa…" Inuka kabla hajamaliza: "Mheshimiwa, mimi sikumwuliza shahidi habari ya taa."