Udaktari kupitia vyuo vya umma New York: anza na nafasi za maabara

Kwa mkazi wa jimbo, vyuo vya miaka minne vya CUNY (mfumo wa vyuo vikuu vya umma vya Jiji la New York) hutoza ada ya dola 3,465 kwa muhula. Asiye mkazi hulipa dola 620 kwa kila krediti (kipimo cha uzito wa somo), yaani dola 9,300 kwa krediti 15. Ukazi hudai miezi 12 ndani ya jimbo, kwa hiyo tunza mkataba wa nyumba na karatasi za kodi tangu siku unayofika.

Maandalizi ya udaktari si shahada, ni orodha ya masomo: baiolojia, kemia ya jumla, kemia ya oganiki na fizikia, kila moja mihula miwili pamoja na maabara, halafu baiokemia. Kinachokwamisha wengi ni viti vya maabara. Ukikosa kemia ya jumla muhula wa kwanza, oganiki husogea, baiokemia hufuata, na MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, nao huchelewa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kati ya vyuo vya CUNY kama Hunter, City College au Brooklyn, fungua ratiba zao mtandaoni uhesabu makundi ya maabara ya oganiki, hasa ya jioni kama unafanya kazi. Siku ya usajili ikifika, jiandikishe saa ileile unapofunguliwa.

Tena, kumbuka: ukirudia somo ulilofeli, AMCAS (mfumo wa kuombea nafasi vyuo vya udaktari) huhesabu alama zote mbili. Ukiona mambo yameharibika, muone mshauri kabla tarehe ya kujiondoa kwenye somo haijapita.