SOMO: Soma karatasi ya kesi kwanza, mbuzi baadaye

Wadau, nina steshenari jirani na mahakama hapa Tanzania, huu mwaka wa kumi na moja nachapa na kutoa kopi. Kila wiki swali ni lilelile: "Ndugu yangu kaachiwa, kesi si imeisha?" Naandika mara moja, anayeuliza tena namtumia linki. Mimi si wakili, ni mchapaji mwenye masikio.

1. Juu kabisa pana jina la mahakama na namba ya shauri. Angalia ni jinai au madai.

2. Jitafute wewe ni nani. Polisi wakikushuku ni mtuhumiwa, ukisomewa mashtaka mahakamani ni mshtakiwa. Kwenye madai ni mdai na mdaiwa. Aliyekata rufaa ni mrufani. Wakenya wakisema mshukiwa, ndiye mtuhumiwa wetu.

3. Tarehe. Neno linaloifuata ni "kutajwa" au "kusikilizwa". Ya kutajwa haihitaji mashahidi, usiwakodie bodaboda. Ila mshtakiwa aliye nje kwa dhamana aende zote.

4. Kesi ya mauaji ikisomwa kwa hakimu, mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote. Hajanyimwa haki. Mahakama ile haina mamlaka ya kuisikiliza, atajibu Mahakama Kuu.

5. HAPA NDIPO NILIPOCHEMSHA. Binamu yangu alishtakiwa kwa wizi. Upelelezi haukamiliki, kila tarehe kesi inaahirishwa. Siku moja mwendesha mashtaka akasimama, akaomba kuliondoa shauri chini ya kifungu cha 98. Binamu akatoka. Karatasi nikaisoma mwenyewe, nikaona "ameachiwa", nikampigia shangazi: yamekwisha. Mbuzi akachinjwa. Pilau halijapoa, difenda la polisi hilo getini. Shtaka lilelile, namba mpya.

Kifungu hicho, cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kina (a) na (b). Shauri likiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, hiyo ni (a): ameachiwa tu, na anaweza kushtakiwa upya kwa jambo hilohilo. Likiondolewa baada ya kuitwa kujitetea, ni (b): ameachiwa HURU. Yetu ilikuwa (a), imeandikwa kwa kalamu kama mguu wa sisimizi, nami nilikuwa na haraka ya kutoa habari njema.

ONYO: DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) akisema hana nia ya kuendelea na mashtaka (mawakili wanaita nole), nako ni kuachiwa tu.
ONYO: "Hana kesi ya kujibu" ni jambo jingine kabisa. Huyo kaachiwa huru, ingawa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inaweza kukata rufaa.
ONYO: Namba za vifungu huhama sheria zikirekebishwa. Soma maneno.

6. Kutiwa hatiani ni kuonekana una kosa, adhabu hutamkwa baadaye.

7. Umeshinda kesi ya madai na hulipwi? Unapeleka maombi ya kukaza hukumu, yaani mahakama imlazimishe aliyeshindwa kuitekeleza. Kuna mama aliniuliza, "Nikaze nini tena, si nimeshinda?" Hukumu isiyokazwa ni karatasi nzuri ya kabatini.

MASWALI

Chuma_Ulete: Mkuu, kaka kaachiwa jana, kesi imeisha?
— Hatua ya 5. Karatasi inasema (a) au (b)?

Chuma_Ulete: Sina karatasi, nijibu tu kwa kifupi.
— Kaombe nakala kwa karani. Mimi sipigi ramli.

Mjuzi wa Mambo: Unapotosha watu. Si mdaiwa, ni mlalamikiwa. Nimelisoma mwenyewe.
— Umelisoma kwenye mgogoro wa kazini, na huko ni sahihi. Mimi nimeandika kesi ya madai. Rudia hatua ya 2 taratibu.

Binti Saikolojia: Samahani kaka, nasomea saikolojia. Mwendawazimu wa sheria ndiye mgonjwa wa akili wa hospitali?
— Swali zuri dada, ngoja nivute kiti. Hapana. Daktari anatafuta ugonjwa: sonona, skizofrenia, kama mtu anapata maluweluwe (kuona au kusikia visivyopo) au ana imani potofu. Mahakama inaulizia dakika ya tendo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 13, inauliza kama ugonjwa ulimfanya asielewe anachofanya, asitambue kwamba hakupaswa kufanya, au ashindwe kujizuia. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na cheti cha hospitali na bado akatiwa hatiani.

Mzizi ni London, 1843. Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. Aliamini anaandamwa na chama cha Peel. Akaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu, nchi ikachacha, majaji wakatakiwa waeleze kipimo. Kipimo hicho kikasafiri na Waingereza hadi kwetu. Hapa mshtakiwa hupelekwa Isanga, taasisi ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, kuchunguzwa, na mahakama ikiridhika inasema alitenda, lakini kwa wazimu wake hana hatia. Hatoki siku hiyo kwenda nyumbani, lakini.

Binti Saikolojia: Asante sana! Na "punguani"?
— Neno la zamani. Kwenye Kiingereza cha Kanuni ya Adhabu maneno ya namna hiyo yaliachwa yaleyale ya kikoloni. Kliniki ukimwita mtu hivyo watakutoa nje, na watakuwa sahihi.

Mzee wa Pangani: Sisi tulitishwa "nitakupeleka kwa liwali".
— Shikamoo mzee. Mahakama za Mwanzo zilikuja na sheria ya 1963, liwali, mwamuzi wa kesi wa enzi za mkoloni, akabaki kwenye vitisho vya bibi.

Mama Kopi: Niongeze: risiti ya mashine hufutika maandishi. Kama ni kielelezo cha ushahidi, itoe kopi siku hiyohiyo.
— Kweli dada. Na usiifanyie lamination, joto la mashine linaigeuza nyeusi yote. Nimeshaua moja ya mteja.

Chuma_Ulete: Nimepata karatasi. Imeandikwa 98 tu, haina herufi.
— Alikuwa ameshaitwa kujitetea?

Chuma_Ulete: Bado, hata shahidi wa kwanza hajaja.
— Basi ni (a). Tafuteni wakili sasa hivi, kaka yako akiwa bado nje.