Somo: Kuamsha Land Rover Series III ya petroli iliyolala miaka mingi

Somo hili linahusu Series III (1971 hadi 1985) yenye injini ya petroli ya lita 2.25, silinda nne. Gari hili huvumilia kulala. Kinacholiua ni siku ile mtu anapoleta betri mpya na kupiga stata papo hapo: ringi kavu za pistoni zinachuna silinda, valvu iliyonata inapinda fimbo yake, na kutu ya tangi inavutwa mpaka kwenye kabureta. Basi stata ya kuwasha injini husubiri hadi hatua ya 5.

Kabla ya kununua hata plagi moja, lala chini na nyundo ndogo ugonge chasisi. Bodi ni ya aluminiamu, haioti kutu, ndiyo maana gari linaonekana zima hata pale chasisi ya chuma imeoza. Gonga zaidi sehemu ya nyuma na pale springi zinaposhikiliwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu na kumwaga magamba. Ukikuta matundu, mtafute fundi wa kuchomelea kwanza.

1. Zungusha kwa mkono. Toa plagi zote nne. Mimina kijiko kimoja cha oili nyepesi katika kila silinda, uache usiku mzima. Fungua kifuniko cha valvu, weka gia huru, kisha zungusha injini polepole kwa hendeli ya mbele. Mwenzako atazame valvu: zote nane lazima zishuke na kurudi juu. Isiyorudi imenata. Ipake mafuta ya kulegeza kutu na uigonge taratibu kwa mpini wa nyundo, usiendelee kuzungusha. Ukimaliza, pima nafasi za tapeti (kati ya valvu na mkono unaoisukuma): 0.25 mm, za kuingiza na za kutolea moshi sawasawa.

2. Oili. Mwaga ya zamani. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na gasketi ya silinda hedi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Badilisha filta, weka 20W-50. Andaa lita 7. Sasa funga betri, plagi zikiwa bado nje, upige stata sekunde kumi kumi, ukiipumzisha katikati, mpaka taa ya oili izimike. Upande hasi wa betri ndio unaokwenda kwenye bodi. Series nyingi za zamani zaidi ziko kinyume, kwa hiyo usiige gari la jirani.

3. Moto. Safisha pointi (vikato vya umeme ndani ya distributa) kwa msasa laini, au weka mpya pamoja na kondensa. Nafasi ya pointi ni 0.35 hadi 0.40 mm, ya plagi 0.75 hadi 0.80. Mpangilio wa nyaya ni 1-3-4-2. Cheche inayofaa ni ya buluu na ina mlio. Ya njano haitoshi.

4. Petroli. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu wanasafisha kabureta na kuacha tangi chafu. Petroli iliyokaa miaka hugeuka gundi yenye harufu ya rangi ya mlango. Fungua nati ya chini ya tangi, mwaga yote kwenye jerikeni, nje, mbali na jiko la mkaa na sigara. Angalia ndani kwa tochi, kamwe si kwa kiberiti. Kama kuna kutu, tangi lishushwe lisafishwe. Kwa majaribio ya kwanza liache kabisa: chomeka mpira mpya kwenye mlango wa kuingizia wa pampu, ncha nyingine kwenye kidumu safi cha lita 5 kilichowekwa mbali na ekzosi.

Pampu ina kikombe cha kukusanya uchafu, kisafishe. Ina pia kishikio kidogo cha kupampu kwa mkono. Kikiwa legelege hakivuti, usiilaumu pampu kwanza: kamu (nundu ya injini inayoisukuma pampu) imesimama juu. Zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena. Petroli ikivuja chini ya pampu au kuingia kwenye oili, ngozi yake ya mpira imepasuka.

Kabureta ya Zenith ifungue yote. Jeti zipulizie hewa, usizichokoe kwa waya, maana utapanua tundu. Hakikisha boya halina petroli ndani na sindano inafunga. Kisha weka rula kwenye uso wa vipande viwili vinavyokutana. Kabureta hii hupinda hapo, na ringi yake ya mpira huchoka. Matokeo yake ni moshi mweusi na injini isiyotulia. Sawazisha kwa msasa wenye maji juu ya kioo, weka ringi mpya. Chujio la hewa ni la oili: kwangua tope, weka oili safi mpaka alama.

5. Kuwasha. Jaza maji ya rejeta, rudisha plagi, vuta choki, piga stata. Ikiwaka, taa ya oili izimike mara moja. Isipozimika, zima injini. Ikizimika, iache injini ifanye kazi dakika kumi huku ukikagua maji yanayovuja.

6. Breki. Usitoke uani bila hizi. Badilisha mipira ya masta silinda na ya magurudumu, weka mafuta mapya ya breki, toa upepo.

Maswali ya wanachama

*Jinja: Fundi, hendeli haisogei kabisa. Niivute kwa trekta?*
Hapana, ndugu yangu. Changanya asetoni na oili ya gia otomatiki nusu kwa nusu, weka vijiko viwili kila silinda, rudia kila siku kwa wiki moja. Kisha tikisa hendeli mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikigoma, fungua silinda hedi.

*Mbarara: Inawaka, ila gia haziingii.*
Kwanza tazama kama silinda ya klachi inasukuma. Ikisukuma, sahani imeganda. Pasha injini moto, izime, weka gia ya pili, kanyaga klachi na upige stata kwenye uwanja mpana usio na watu. Endesha ukikanyaga na kuachia mafuta ghafla, klachi ikiwa chini. Breki ziwe zimeshatengenezwa.

*Kampala: Geji ya kompresheni inasoma psi 125 silinda zote. Imekufa?*
Haijafa, mzee wangu. Vipimo vya kitabu ni vya usawa wa bahari, na Kampala iko karibu mita 1,200 juu, hewa ni nyepesi. Jambo kubwa ni silinda zilingane. Moja ikiwa chini sana, itie kijiko cha oili upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi.

*Masaka: Inazima baada ya dakika ishirini, ikipoa inawaka.*
Ikizima, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa, kitundu chake kimeziba. Usiposikia, pima cheche hapo hapo koili ikiwa ya moto. Ikiwa hafifu, badilisha koili na kondensa. Soko la Kisekka, Kampala, utazipata zote mbili, ila nenda na ya zamani mkononi ulinganishe.