Kitulo mwezi wa sita: baridi inatoka chini

Wazee wenzangu mnaotaka kuzunguka Nyanda za Juu Kusini na gari lenu na hema: Juni hadi Agosti maua ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo yamekwisha, ila njia ni kavu. Tatizo ni usiku. Pale ni karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na godoro la kujaza upepo halifai kitu, maana hewa iliyomo inapoa pamoja na ardhi hata mkijifunika blanketi tatu. Tandikeni turubai, halafu maboksi yaliyokunjuliwa au mkeka, kisha blanketi zito, ndipo godoro. La sponji ni bora, ingawa linakula buti zima.

Jiko la mkaa lisiingie hemani kabisa, hata likibaki makaa mawili. Hewa yake inaua watu usingizini. Chemsheni maji nje, jazeni chupa isiyovuja, ivisheni soksi, wekeni miguuni. Kila mtu na yake, la sivyo mama atazichukua zote.

Magoti yakigoma, kesho yake teremkeni kupitia Isyonje na Tukuyu hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Huko shuka moja linatosha, ila chandarua ni lazima.